Asali kwa kikohozi cha usiku cha mtoto: umri, kipimo, namna ya kumpa, na dalili za kuiacha

Mtoto mwenye mafua anaweza kushinda mchana kutwa akicheza vizuri, lakini akishalazwa tu kikohozi kinaanza. Akiwa amelala, makamasi ambayo mchana yangetoka puani au kumezwa huteremka nyuma ya pua hadi kooni, yanakwaruza, na mwili unakohoa ili kuyaondoa. Hewa ikiwa baridi na kavu, au chumba kikiwa na moshi, koo linawasha zaidi. Saa sita za usiku nyumba nzima iko macho, na chupa ya asali inatafutwa kabatini.

Asali inasaidia kweli, lakini kazi yake ni moja: inatuliza koo na kupunguza kukohoa ili mtoto apate usingizi. Haiui virusi vya mafua, haitibu nimonia, haifungui mirija ya mtoto mwenye pumu. Mzazi anayelijua hilo ataitumia kwa faida. Asiyelijua anaweza kuendelea kulambisha asali siku tatu mfululizo huku mtoto anahema kwa shida, akidhani dawa bado haijakolea.

Umri kwanza: chini ya miezi 12, hapana

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kwa namna yoyote. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye anaishi kwenye udongo na vumbi. Mtu mzima akizimeza hazimfanyi kitu, kwa sababu utumbo wake una bakteria wengine wengi wanaozizuia kuota. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujajaa ulinzi huo. Mbegu zinaota ndani yake, zinatoa sumu, na sumu hiyo inalegeza misuli, ukiwemo ule wa kupumulia. Ugonjwa huu kwa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976 huko Marekani. Hautokei mara nyingi, lakini unapotokea mtoto hulazwa wiki nyingi, na wengine huhitaji mashine ya kupumulia. Hakuna kikohozi cha mafua kinachostahili kuingizwa kwenye hatari hiyo.

Makosa hapa ni yaleyale kila mara. Wapo wanaochemsha asali wakiamini imekuwa salama. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, na mbegu hizi zinavumilia kuchemshwa. Viwandani huuawa kwa mvuke wenye shinikizo unaofika nyuzi 121, na hakuna sufuria ya kawaida jikoni inayofika hapo. Wapo wanaopaka kidogo tu kwenye ncha ya kidole, au kwenye chuchu bandia ili mtoto anyamaze. Mbegu hazionekani kwa macho, kwa hiyo kidogo cha macho yetu si kidogo kwake. Wengine hutegemea sifa ya asali yenyewe, kwamba ni ya porini, haijachanganywa, imeletwa na mjomba kutoka kwenye mzinga wake. Usafi huo ni mzuri kwa mtu mzima, lakini mbegu huwa kwenye asali halisi vilevile. Familia zinazomfanyia mtoto mchanga tahniki, yaani kumpaka tende iliyolainishwa kinywani, zisiweke asali mahali pa tende. Na dawa za maji za kikohozi zilizoandikwa kuwa zina asali zinaingia kwenye katazo hilohilo, hivyo soma lebo kabla ya kufungua chupa.

Umri usikadiriwe kwa kutazama meno au kwa kuwa mtoto ameanza kutembea. Fungua kadi ya kliniki, hesabu miezi kamili 12.

Ikiwa mtoto mchanga tayari amelambishwa asali, usimtapishe. Wengi hawapati madhara. Ila mwangalie kwa mwezi mzima, maana dalili huweza kuchelewa. Ya kwanza mara nyingi ni kufunga choo kwa siku kadhaa. Zinafuata kunyonya kwa nguvu hafifu, kilio kinachosikika dhaifu, kope zinazolegea, uso usio na mabadiliko, na shingo inayoshindwa kubeba kichwa ambacho jana ilikibeba. Ukiona hata mbili kati ya hizo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na utamke wazi kwamba alipewa asali. Daktari asipoambiwa, anaweza kutafuta ugonjwa mwingine kwa muda mrefu.

Mtoto wa chini ya mwaka mwenye mafua hupewa vitu vingine. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama yanalainisha makamasi na kumpa maji anayohitaji, na aliye chini ya miezi sita hahitaji maji mengine juu yake. Pua ikiziba, tumia maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, koroga hadi iyeyuke. Mdondoshee matone mawili au matatu kila tundu la pua kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, kisha futa kinachotoka kwa kitambaa laini. Tengeneza mengine kila siku, ya jana mwaga.

Majaribio yamesema nini

Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwagawa watoto 105 wenye kikohozi cha mafua katika makundi matatu: waliopewa asali kabla ya kulala, waliopewa dekstromethofani ambayo ni dawa ya kikohozi ya dukani, na wasiopewa kitu. Wazazi wa kundi la asali ndio waliotoa taarifa nzuri kuliko wote kuhusu usiku ule. Mwaka 2012 watafiti wa Israel waliwajaribu watoto 300 wa mwaka mmoja hadi mitano kwa gramu 10 za asali nusu saa kabla ya kulala, wakilinganisha na sharubati ya tende inayofanana nayo kwa rangi na utamu. Wote walipata nafuu, ila wa asali walipata zaidi. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliona kuwa asali huenda ikapunguza kikohozi kuliko kutotibu kabisa, na haitofautiani sana na dekstromethofani.

Faida yenyewe ni ya kiasi. Mtoto atakohoa bado, lakini mara chache zaidi na kwa nguvu ndogo, na hiyo inatosha kumfanya alale na mama yake alale. Inadhaniwa kuwa uzito wa asali unafunika koo lililokwaruzika, na utamu wake unaongeza mate na kumeza. Dawa za kikohozi za madukani, kwa upande wao, hazijaonyesha faida kubwa kwa watoto wadogo na zina madhara. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2008 zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, na zile zenye kodeini hazifai kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, asali kijikoni ni chaguo bora kuliko chupa nyingi za rangi nyekundu zinazouzwa dukani.

Kuchagua asali

Aina ya maua si jambo la kuhangaikia. Jaribio la Israel lilitumia asali za mimea mitatu tofauti na zote zilisaidia. Asali ya miombo ya Tabora, Kibondo au Manyoni, ya Kitui au ya Baringo, yoyote itafanya kazi mradi ni asali kweli, imechujwa, na haijachacha. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu huilipia ghali kwa kuwa ina sifa ya dawa, ina maji mengi zaidi, ina uchachu, na huchacha upesi. Si mbaya kwa mtoto aliyetimiza umri, ila majaribio hayo yalitumia asali ya nyuki wa kawaida, na hakuna haja ya kulipa zaidi kwa ajili ya kikohozi.

Kinachosumbua sokoni ni shira ya sukari au sukari guru iliyopikwa na kupewa jina la asali. Vipimo vya nyumbani havitoshi kuigundua. Njiti ya kiberiti iliyochovywa huweza kuwaka au isiwake kutegemea unyevu tu. Tone linalozama kwenye glasi ya maji bila kutawanyika linaonyesha uzito, na shira nzito huzama vivyo hivyo. Usemi kwamba sisimizi hawagusi asali halisi si kweli, sisimizi huila. Asali kuganda pia si dalili ya kuchanganywa, kwa kuwa asali nyingi halisi huganda sukari yake ya glukosi inapojitenga.

Kipimo kimoja chenye maana ni mizani. Asali iliyokomaa ina maji yasiyozidi sehemu 20 kwa 100, na lita yake huwa na uzito wa karibu kilo 1.4. Chupa ya nusu lita ikijaa hadi juu, asali iliyomo, ukiondoa uzito wa chupa, inapaswa kukaribia gramu 700. Ikisoma 650, imeongezwa maji au imevunwa mbichi, na itachacha. Mizani haitamfichua kila mdanganyifu, lakini itakuokoa na asali ya majimaji. Zaidi ya hapo, nunua kwa mtu au chama cha wafugaji nyuki unaowajua, au chupa yenye alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya.

Tazama chupa kwenye mwanga. Vipande vya nta na mabaki meusi ya majivu vinamaanisha haikuchujwa vizuri. Asali iliyokamuliwa kwa mkono pamoja na masega yenye majana (watoto wa nyuki) huwa na ukungu wa rangi ya maziwa na huharibika mapema. Fungua na unuse: harufu ya pombe, povu juu, au kifuniko kinachotoa hewa kinapofunguliwa ni dalili za kuchacha. Asali hiyo usimpe mtoto. Na usimpe mtoto mdogo asali ikiwa bado ndani ya sega usiku, kwa sababu nta inayotafunwa inaweza kumkaba.

Nyumbani, weka asali kwenye chupa ya kioo kavu yenye mfuniko unaobana, mahali pasipo jua. Friji haihitajiki, inaigandisha tu. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Matone machache ya maji yakibaki juu ya asali ndiyo mwanzo wa kuchacha. Iliyoganda, iweke na chupa yake kwenye bakuli la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, robo saa au zaidi, ukikoroga. Usiiweke jikoni juu ya moto.

Kipimo

Mwaka 1 hadi 5: nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5.
Miaka 6 hadi 11: kijiko kimoja cha chai, mililita 5.
Miaka 12 na kuendelea: vijiko viwili vya chai, mililita 10.

Kwa aliye kati ya mwaka mmoja na mitano, nusu kijiko kisipotosha unaweza kufikia kijiko kizima. Gramu 10 walizopewa watoto wa umri huo Israel ni karibu mililita 7, kwa hiyo kijiko kimoja bado kiko chini ya hapo. Kuzidisha zaidi hakuongezi nafuu. Kunaongeza sukari, na baadhi ya watoto huumwa tumbo, huharisha kidogo, au huchangamka wakati unataka walale.

Vijiko vya jikoni vinatofautiana sana, kimoja kitabeba mililita 3 na kingine 7, na asali hubaki imejaa juu ya ukingo ambapo maji yangemwagika. Tumia kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa za maji, au bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake, linalopatikana duka lolote la dawa kwa bei ndogo. Asali ni nzito kuvutwa, kwa hiyo ipashe kwanza kwenye maji ya moto kama ilivyoelezwa, imimine kidogo kwenye kikombe, zamisha ncha ya bomba, uvute polepole hadi mstari. Ukiona kiputo kikubwa cha hewa, rudisha na uvute upya, vinginevyo kipimo kitapungua.

Mtoto mwenye kisukari asipewe bila kuuliza wanaomtibu, maana asali ni sukari. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kutoka vipele baada ya asali, asipewe tena.

Kumpa, hatua kwa hatua

1. Nusu saa kabla ya kulala, baada ya chakula cha usiku, mpengeshe kamasi. Mdogo asiyeweza, tumia matone ya maji ya chumvi. Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wanashangaa asali imefanya kazi dakika ishirini tu. Makamasi yakibaki puani yatateremka, na koo litaanza tena.

2. Mkalishe wima, awe macho kabisa. Mtoto aliyelala au anayesinzia asimiminiwe asali mdomoni hata kama kikohozi kimemchosha, kwa sababu inaweza kuingia njia ya hewa.

3. Mpe tupu, bila kuchanganya. Akitumia kijiko, alambe kidogo kidogo. Ukitumia bomba, lielekeze ndani ya shavu, si moja kwa moja kooni, na usukume robo mililita kila mara ukisubiri ameze.

4. Asinywe maji mengi papo hapo. Funda moja la kuondoa utamu linatosha. Kikombe kizima kinaisafisha asali kooni kabla haijakaa.

5. Dakika ishirini au thelathini baadaye, mswakishe. Kulala na asali kwenye meno usiku baada ya usiku huyaozesha, hasa ya mbele juu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele.

6. Mlaze kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, kwa mto au khanga iliyokunjwa chini ya mabega na kichwa. Hii ni kwa waliopita mwaka mmoja tu. Wachanga hulala chali mahali tambarare, bila mto.

Akiamka saa nane anakohoa, mkalishe, mpe maji ya uvuguvugu, na kama amefungua macho vizuri unaweza kurudia kipimo kilekile mara moja. Mchana si lazima apewe. Kama kikohozi kinamsumbua sana mchana, mara mbili nyingine zinatosha, baada ya chakula.

Wakati wa kutazama kama inasaidia ni usiku wa kwanza na wa pili. Ukiona hakuna tofauti yoyote kwa usiku mitatu, usiongeze dozi. Fikiria upya chanzo cha kikohozi.

Vinywaji vya asali

Asali tupu kijikoni ndiyo iliyojaribiwa, na kwa mtazamo wetu ndiyo bora kwa usiku. Lakini mtoto anayekataa utamu mzito anaweza kunywa. Chukua robo kikombe cha maji, yapata mililita 60, yaliyochemka na kupoa hadi uvuguvugu. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono, yasichome. Weka asali kwa kipimo cha umri wake, koroga. Ukipenda, ongeza matone matano ya ndimu au limau. Maji yasiwe mengi, mtoto wa miaka miwili akipewa kikombe kizima ataacha nusu na hutajua amekunywa asali kiasi gani, na atakojoa kitandani juu ya hayo.

Tangawizi inaharibiwa kwa wingi wake. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtu mzima, kilichopondwa na kuchemshwa dakika tano katika kikombe cha maji kisha kuchujwa, kinatosha kwa mtoto wa zaidi ya miaka miwili. Kikizidi, kinachoma koo lilelile unalolituliza na mtoto anakohoa zaidi. Asali iingie mwisho, chai ikishapoa. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa tunashauri kiachwe. Kwa mtoto mdogo kinachoma mdomo na tumbo, na mara nyingi hutapishwa pamoja na asali yote.

Usichanganye asali na vidonge vilivyosagwa, wala usiimimine ndani ya chupa ya dawa nyingine. Na antibayotiki kama amoksilini zilizobaki toka ugonjwa uliopita hazina kazi kwenye mafua. Mtoto anayezihitaji ataandikiwa baada ya kupimwa.

Chumba anacholala

Moshi unashinda asali. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, kwa kikohozi na pia kwa sumu ya gesi yake inayoua watu wamelala. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, kibatari, sigara: vyote viondoke, chandarua kifanye kazi ya mbu. Kama jiko la kuni liko karibu, mlango wa chumba ufungwe wakati wa kupika na dirisha la upande mwingine lifunguliwe. Kungʼuta mashuka na blanketi nje mara moja kwa wiki kunasaidia mtoto anayewashwa na vumbi.

Kumfukiza mtoto kwa sufuria ya maji ya moto chini ya shuka hatushauri hata kidogo. Teke moja linatosha, na majeraha ya moto ya watoto huchukua miezi. Dawa za kupaka zenye kafuri na menthol hazifai kwa walio chini ya miaka miwili, na hazipakwi ndani ya pua kwa umri wowote. Mafuta ya taa hayanywewi. Yakiingia mapafuni yanasababisha nimonia kali.

Kuhesabu pumzi

Hiki ndicho kipimo ambacho kila mlezi anapaswa kukijua, kwa sababu kinatenganisha mafua na homa ya mapafu bila kifaa chochote zaidi ya saa ya simu. Subiri mtoto atulie au alale. Akilia au akitoka kukimbia, hesabu haifai. Pandisha nguo ili uone kifua na tumbo. Kila kifua kinapopanda, hesabu moja. Hesabu dakika nzima, sekunde 60, usihesabu 15 na kuzidisha kwa nne, kwa kuwa watoto hupumua kwa kurukaruka na makosa yanazidishwa pia.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa miezi 12 hadi miaka mitano. Zikifika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na kwa aliye chini ya miezi miwili usingoje kuche.

Ukiwa bado umepandisha nguo, angalia chini ya mbavu. Mtoto mzima anapovuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, anapumua kwa taabu, na hiyo ni safari ya hospitali hata usiku. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye midomo ya bluu, au anayetoa sauti kali ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia. Asali isipoteze hata dakika moja hapo.

Mengine hayana haraka ya usiku lakini hayatibiwi kwa asali. Homa kwenye maeneo ya malaria ipimwe ndani ya saa 24. Kikohozi cha usiku kinachorudi kila mwezi bila mafua, kinachoambatana na mlio wa filimbi kifuani au kinachokuja baada ya kukimbia, kipimwe pumu. Kukohoa mfululizo hadi pumzi kuisha, kisha kuvuta hewa kwa sauti ndefu na kutapika, ni kifaduro hadi kithibitishwe vinginevyo, hasa kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 hazikukamilika. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akiwa anakula karanga au anachezea shanga kinaashiria kitu kilichoingia njia ya hewa, na huyo aende hospitali mara moja. Kikohozi cha mafua ya kawaida chaweza kuburura hadi wiki tatu huku kikipungua siku hadi siku. Kisichopungua baada ya wiki mbili, au kikiwa na kupungua uzito, au nyumbani kuna mtu mzima mwenye TB, kichunguzwe kifua kikuu.

Kimeo hakikatwi

Kikohozi kikikawia, bado kuna ndugu na majirani watakaosema mtoto ana kimeo kirefu na kinatakiwa kukatwa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila mtu anacho. Koo likivimba kwa mafua, nacho huvimba na kuonekana kirefu, kisha hurudi hali yake. Wanaokikata kienyeji hutumia wembe au kisu, na watoto wamekufa kwa kutoka damu, kwa damu kuingia mapafuni, na kwa maambukizi, pepopunda ikiwamo. Kikohozi chenyewe, kama ni cha pumu au TB, kinabaki palepale huku wiki za matibabu zikiwa zimepotea. Mama mkwe akishikilia, mwombe mfuatane naye kliniki, daktari amulike koo la mtoto mbele yake.

Unapokwenda, chukua kadi ya kliniki na uandike mambo haya kwenye simu usije ukayasahau kwenye foleni: kikohozi kilianza lini, kinazidi usiku au alfajiri, pumzi ulizohesabu na saa uliyohesabu, joto kama ulipima, amekula na kunywa nini leo, nani nyumbani anakohoa, na kila ulichompa, ikiwemo asali na kiasi chake.